Mtaa wa Taisho Chini ya Mabati ya Mobeni

Sijawahi kukanyaga Japani, na paspoti ya kunifikisha huko sina. Lakini nishushe leo Osaka, katika mtaa unaoitwa Taisho, nitafika nyumbani kwa bibi mmoja bila kuuliza mtu. Nitashika barabara ya kituo cha treni, nitapita posta, nitapita bafu la watu wote, nitakata kushoto penye shule, na nyumba iko upande wa mto. Watu wakinisikia hudhani nawatania. Siwatanii hata kidogo. Mtaa ule naujua kuliko Westville, ambayo iko hapa hapa Durban na ambako sijawahi kupata shughuli ya kunipeleka.

Niliujulia kazini. Miaka ile, kama miwili hivi baada ya Kombe la Dunia kuchezwa hapa, nilikuwa nasafisha magari kwa ndani kwenye yadi moja huko Mobeni, katikati ya magodauni. Magari yalitoka Japani yakiwa yametumika, yakashuka bandarini, yakakaa kwetu yakingoja makaratasi, halafu madereva wakayaondoa kwenda Zambia na Lubumbashi. Hapa Afrika Kusini hayakuruhusiwa kuuzwa wala kuzurura mjini. Yalikuwa wapita njia tu, na sisi tuliokuwa tunayaosha tulijiona hivyo hivyo, maana hata mimi nilipotoka Uvira, kule Kongo, nilisema nakaa mwaka mmoja. Haya, hesabu mwenyewe.

Bosi wetu alikuwa Mpakistani, mzee mwenye ndevu za hina, na kabla ya Durban alikuwa ameishi Osaka miaka mingi. Shemeji yake alibaki huko na yadi yake hapo hapo Taisho, akawa ananunua magari ya majirani na kututumia. Ndiyo maana mengi yalitoka mtaa mmoja, hata nikawa nakuta kadi za duka lile lile la mikate na pakiti za tishu zenye tangazo lile lile la daktari wa meno.

Mengi yalikuwa na skrini ya ramani kwenye dashibodi. Sasa sikiliza. Godauni letu lilikuwa na paa la mabati, na chini ya mabati ramani haipati setilaiti. Ukiwasha gari, skrini inaamini bado iko pale pale ilipozimwa, Taisho, kando ya mto. Ukiitoa juani, haichukui muda inagundua kwamba iko Afrika, na Afrika haimo katika ramani yake, basi inageuka bluu tupu. Ilikuwa inanihuzunisha, sijui kwa nini. Kwa hiyo kila nilipoingia kwenye gari jipya nilianza na skrini, nikaifuta vumbi na kuitazama kabla haijatolewa nje.

Bosi ndiye aliyenifundisha kuisoma. Mistari mitatu ya mvuke ni bafu. Herufi T yenye kofia ni posta. Mstari wa vipande vyeusi na vyeupe ni reli. Aliniambia mtaa wenyewe ni kama kisiwa, umezungukwa na mito, umejaa viwanda na magodauni kama Mobeni, na nyumba ndogo zimebanana katikati. Madaraja yake yako juu sana kwa sababu meli zinapita chini, na moja barabara yake inajizungusha na kujizungusha tena kabla ya kupanda. Asiyetaka kupanda huko anakwenda kwenye kivuko, kimashua cha watu na baiskeli kinachovusha bure.

"Eish! Bure?" alisema mlinzi wetu, Mzulu mmoja mwenye maneno. "Hao kuna kitu wanaficha."

Lakini lililonigusa zaidi ni hili. Bosi alisema wenyeji wengi wa Taisho si watu wa Osaka. Babu zao walitoka kwenye visiwa vya mbali kusini, wakaja kutafuta kazi viwandani, wakachekwa kwa lafudhi yao na kwa chakula chao, miguu ya nguruwe na mboga chungu, na katika vyumba vingine wakakataliwa kupanga. Wakarundikana pamoja. Nilimwambia bosi, huo mtaa unaonielezea mbona ndio kwetu.

Kwetu kulikuwa mjini, karibu na barabara ya Point, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla hatujahamia. Mlango wa lifti tuliufanya ubao wa kubandika matangazo ya maombi na ya vyumba vya kupanga. Chini kulikuwa na saluni ya Wakongo na duka la kutengeneza simu. Ghorofa ya tatu walijaa Warundi. Sisi tulikuwa ya tano, mimi, mume wangu, na mama yake mzazi aliyetufuata kutoka Uvira. Jumapili kwaya zilianza mazoezi kila ghorofa kwa wakati mmoja, na anayetaka kulala akahamie Queensburgh, nje ya mji.

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke wa soko, muuza vitenge, mwenye mdomo. Akikuona umevaa vibaya hakusubiri mfike faragha. Halafu asubuhi moja akapigwa na kiharusi, mkono na mguu wa kushoto vikalala, na ulimi ukawa mzito. Akakaa hospitali. Na siku ya kumrudisha nyumbani ndiyo siku yaliyotokea haya.

Wanaume wanne wa kwaya walikuja kusaidia. Wakafanya kama tunavyofanya kwetu milimani, mgonjwa analazwa katika blanketi, kila mtu anashika ncha, mnakwenda. Ilikuwa baridi na upepo wa baharini unapiga ngazi zote. Mume wangu akamfunika mama yake kitenge, mpaka usoni, asipigwe na upepo. Yeye mwenyewe akafuata nyuma, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Basi wewe picha hiyo unaiona.

Jirani yetu wa ghorofa ya tatu, mama Mrundi aliyeuza nguo za mitumba, akafungua mlango kumwaga maji. Akaona wanaume wanne, blanketi, uso uliofunikwa, na mtoto wa kiume mwenye macho mekundu. Akaitupa ndoo na kushika kichwa.

"Yooo! Mama weee! Ametuacha!"

Kwetu mtu akilia huulizi kwanza nani kafa. Unalia, kisha utaambiwa. Milango ikafunguka juu na chini. Mwingine akaanzisha wimbo wa maziko, kwaya ikaupokea kwa sauti zote nne, na hata mmoja wa wale wabebaji, mungu wangu, akaupokea huku ameshika ncha ya blanketi! Mimi nilikuwa mbele na funguo, napiga kelele kwamba yu hai, yu hai, na walionisikia wakasema maskini, amechanganyikiwa kwa uchungu. Yule Mrundi alikuwa ameshabandika sufuria kubwa la chai ya kilio. Harufu ya tangawizi ilitufuata mpaka ghorofa ya tano.

Na mama mkwe, chini ya kitenge, alisikia vyote. Ulimi haukumruhusu kusema. Tulipomlaza na kumfunua uso alikuwa ametumbua macho, na machozi yanaingia masikioni. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo.

Ulimi uliporudi, neno lake la kwanza la maana lilikuwa hili: "Miye sitabebwa tena. Mtanibeba siku nimekufa kweli."

Tulidhani ni hasira za kupita. Wapi! Pale hospitali daktari wa mazoezi alikuwa amesema wazi kwamba lazima aje kila wiki, mguu ufanyishwe kazi, la sivyo utakakamaa na hatasimama tena. Kanisa lilitupa kiti cha magurudumu, kikasimama ukumbini tukawa tunakianikia nguo. Mume wangu alimbembeleza, akamkasirikia, akapiga magoti. Mchungaji alikuja. Mama mkwe akamwambia, "Mchungaji, kama ni kunizika, subiri zamu yako." Na yule jirani wa ghorofa ya tatu, kwa aibu, hakupanda tena kwetu. Tukikutana ngazini aliniuliza habari za mama huku anatazama ukuta.

Niliogopa. Ni mimi niliyekuwa namwogesha, na kila wiki niliuona ule mguu unavyopungua nyama na kukataa kukunjwa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa anauona, akawa anaugeuzia uso.

Sasa jioni nikirudi kutoka Mobeni, sikuwa na habari nyingine ya kumpa isipokuwa Taisho. Nikaanza na posta na bafu. Alisikiliza kama mtu aliyeambiwa habari za jirani.

"Bafu la watu wote? Wanaoga pamoja?"

"Wanawake peke yao, mama."

"Basi iko vizuri. Wanaongea huko, hao. Umbeya wote wa mtaa uko ndani ya bafu."

Nilipomweleza habari za watu wa visiwani waliokataliwa vyumba, alipiga ulimi na kusema, "Kumbe na Japani iko wakimbizi." Tangu siku hiyo akawa upande wao. Akaanza kuniuliza kila jioni Taisho wameamkaje, na nikikosa habari ananuna.

Ndipo kikaja kigari kimoja cheupe. Kwa nje ni gari la familia la kawaida. Lakini nilipobonyeza kitufe karibu na mlango ili nijue ni cha nini, kiti cha abiria kiligeuka chenyewe kikanitazama, kikatoka nje ya gari, kikashuka polepole mpaka karibu na sakafu. Nilikimbia! Mlinzi akacheka mpaka akakaa chini. Bosi akaja akaeleza kwamba ni gari la mzee asiyeweza kutembea. Kwenye ramani kulikuwa na vibendera, mahali ambapo wenye gari walipahifadhi. Bosi akanisomea kimoja kimoja: nyumbani kwa bibi, hospitali, bafu, hekalu. Cha mwisho kilikuwa mahali pa ajabu, barabara inaisha ndani ya mto, hakuna nyumba, hakuna duka.

"Hapo ndipo kivuko," bosi alisema. "Lakini gari halipandi pale. Sijui walikuwa wanafuata nini."

Jioni nilimpelekea mama mkwe habari hizo zote motomoto. Akanikatiza.

"Huyo bibi, nani alimbeba?"

"Habebwi, mama. Anakaa. Kiti kinamfuata nje, anakaa, kinampandisha."

"Amekaa?"

"Amekaa wima, kama wewe hapo."

"Uso wazi?"

"Uso wazi. Anasalimia watu."

Nikamwambia na habari ya kile kibendera cha mtoni, kwamba hata bosi hakijui. Mama mkwe akanitazama kwa huruma, maana yeye kakulia ukingoni mwa ziwa.

"Weye na bosi wako hamna akili. Alikuwa anaenda kutazama maji."

Wiki hiyo hiyo akaja mnunuzi kutoka Zambia. Alilitaka gari, ila kile kiti king'olewe, kiwekwe cha kawaida, apakie abiria. Fundi alipewa mpaka Jumatatu. Nilimweleza mama mkwe bila nia yoyote, nakata vitunguu.

"Nataka kukiona," alisema.

"Gari haliruhusiwi kutoka yadini, mama. Ingebidi wewe uende." Kisu kikasimama mkononi mwangu. "Ingebidi ubebwe."

Akasema, "Mtanibeba kwenye kiti cha jikoni. Nimekaa. Nimevaa nguo ya kanisa na kilemba. Na mtu akinigusa uso nitamuuma."

Mume wangu alitoka nje ya mlango akalia kwa furaha kama mtoto. Bosi nilipomwomba alisema, "Gari haliwezi kwenda kwa mama, basi mama aje kwa gari. Mimi nitakuwa mkalimani."

Jumamosi wale wale wanaume wanne wakaja. Sasa hakuna aliyethubutu hata kupiga mluzi. Wakamshusha kwenye kiti cha jikoni, kilemba chake kinagusa taa za ngazini, yeye ameshika ukingo kwa mkono wa kulia. Alikuwa na hofu, lakini kichwa hakukiinamisha. Ghorofa ya tatu mlango ulifunguka kidogo, ukafungwa. Mama mkwe aliuona. Chini tukapanda teksi sote, kiti cha jikoni na kile cha magurudumu ndani, mpaka Mobeni.

Bosi alikuwa amelipaka gari nta na kulisimamisha katikati ya godauni, penye mabati mazito kuliko kwingine. Kiti kikageuka, kikatoka, kikashuka. Tukamkalisha. Kilipoanza kumpandisha akaita, "Yesu! Yesu!" na kilipomwingiza ndani na kumtazamisha mbele akajirekebisha kilemba na kuniuliza kwa nini bado nimesimama nje. Nikaingia nyuma. Mume wangu akaingia. Bosi akaketi kwenye usukani.

Skrini zile zina kitu cha majaribio. Unaichagulia safari, nayo inaionyesha yote, kimshale kinatembea na sauti inaelekeza, huku gari limesimama. Bosi alichagua kutoka nyumbani kwa bibi mpaka kwenye kibendera cha mtoni, kwa njia ndefu. Kimshale kikaanza. Mwanamke wa Kijapani akasema kwa adabu nyingi.

"Anasema nini?"

"Kulia. Migi ni kulia, mama. Na hidari ni kushoto."

"Migi," alisema mama mkwe. "Endelea."

Tukapita posta. Tukapita bafu, na bosi akaeleza kwamba hapo mlangoni palikuwa na mzee mmoja anayeuza maziwa baridi kwa watu waliotoka kuoga. Tukapita kituo, na mahali ambapo yeye alikuwa anakula tambi akiwa kijana asiye na mke. Sauti yake ilibadilika, na nikaona kwamba hata huyu tajiri wetu alikuwa na mtaa wake anaoukumbuka. Tukapanda lile daraja la kujizungusha, kimshale kikazunguka, kikazunguka tena, na mama mkwe akamwambia bosi apunguze mwendo, kizunguzungu kitamuua. Gari halijasogea hata unywele. Mlinzi alisimama dirishani akatupungia mkono kama mtu wa Taisho, na mama mkwe akamjibu kwa kichwa, kwa heshima zote.

Mwisho kimshale kikafika penye maji. Mwanamke wa Kijapani akasema neno refu, akanyamaza.

"Amesema tumefika, na kazi yake imeishia hapa," alisema bosi.

Mama mkwe akaitazama ile bluu ya mto. "Na bibi yuko wapi sasa?"

Bosi hakupenda kusema uongo. "Gari kama hili, mama, mara nyingi linauzwa mwenyewe akishafariki."

Nikamlaani bosi moyoni, nikafikiri haya, tumemaliza, yamerudi yale yale. Mama mkwe akautazama mkono wake wa kushoto uliolala mapajani, akauchukua kwa ule wa kulia, akauweka juu ya dashibodi.

"Lakini alikuwa anatoka," alisema. "Mpaka mwisho alikuwa anatoka."

Tuliporudi mjini jua lilikuwa bado kali na watu wamejaa ngazini. Wanaume wakakinyanyua kile kiti cha jikoni na mama mkwe akaanza kazi. "Migi!" wakakata kona kulia. "Hidari! Hidari nimesema, weye una masikio?" Jengo zima likatoka kutazama. Watoto walikuwa wanaitikia. Mimi nilikuwa nyuma na kiti cha magurudumu kichwani, nacheka na kulia pamoja, na sikujali nani ananiona.

Ghorofa ya tatu akainua mkono. "Simama."

"Umechoka, mama?" aliuliza mume wangu.

"Nimebebwa, nitachokaje? Gonga mlango huo."

Nikagonga. Yule mama Mrundi akafungua, akamwona ana kwa ana, amekaa, kilemba kichwani, uso wazi. Akashika mdomo kwa mikono miwili. Akaanza kusema mama nisamehe, mama sikujua.

"Nisikilize," alisema mama mkwe. "Siku ile ulipika chai ya kilio changu. Nilisikia harufu ya tangawizi. Watu wote wamekunywa, miye mwenyewe sikupata. Nimeifuata."

Wakamwingiza na kiti chake. Sufuria likabandikwa, lile lile kubwa, kwa sababu mlangoni tulikuwa tumeshajaa. Jirani akamimina kikombe, akampa kwa kupiga goti. Mama mkwe akanywa mara moja, akalamba midomo, sisi wote tunamtazama.

"Sukari kidogo," alisema. "Siku nikifa kweli, uongeze."